Kuponywa Ugonjwa Ambao Hukuwa Nao

Masomo ya wiki: Walawi 13:1–8, Matendo 28:1–10



Wiki hii nataka tufikirie swali ambalo nimeulizwa, na ambalo sikuwahi kulikuta kwenye kitabu chochote cha mahubiri: je, ni sawa kumshukuru Mungu mbele ya kanisa kwa kukuponya ugonjwa ambao hukuwa nao?

Usicheke kwanza. Swali hili lina uzito kuliko linavyosikika. Linagusa ukweli, linagusa pesa, linagusa afya ya watoto walio nyumbani, na linamgusa yule aliyeketi kiti cha nyuma siku ya ushuhuda akiwa na ugonjwa wenyewe. Kwa hivyo tutembee pole pole.

Swali lilivyokuja

Aliyeuliza ni mama wa ushirika wetu, na amekubali niandike bila kumtaja jina. Miaka minne iliyopita alitibiwa saratani ya matiti. Alifanyiwa upasuaji, akapata kemo, kisha akawa anahudhuria kliniki za kufuatiliwa. Mwaka huu akaanza kukohoa na kupungua uzito. Eksirei ikaonyesha madoa kifuani. Skani ya CT ikaonyesha vinundu vingi vidogo kwenye mapafu yote mawili. Ripoti ikasema kwamba, kwa sababu ya historia yake, picha hiyo inaelekeza kwenye saratani iliyosambaa, na ikapendekeza kipande cha nyama kichukuliwe kwenye pafu ili kipimwe.

Familia ilisoma nusu ya kwanza ya sentensi hiyo. Nusu ya pili hawakuifikia. Ndani ya siku tatu kikundi cha WhatsApp kilikuwa kimefunguliwa, harambee ya kumpeleka India imeanza, shamba linatafutiwa mnunuzi, na ndugu mmoja alikuwa anauliza kwa sauti ya chini mama angependa kuzikwa wapi.

Daktari wake alisisitiza kipimo kifanyike kwanza. Sindano ikaingia, kipande kikatoka, kikapelekwa maabara. Majibu yalipokuja, hakuna seli ya saratani iliyoonekana. Ilikuwa TB, kifua kikuu. Akaanzishiwa dawa wiki hiyo hiyo katika hospitali ya serikali, bila malipo.

Furaha ya nyumba ile siwezi kuieleza. Basi Jumatano jioni, baada ya maombi, mama akanisubiri nje. Akaniambia, "Pasta, wazee wanataka Jumapili nishuhudie kwamba Mungu ameniondolea saratani ya mapafu. Mimi nataka kumshukuru Mungu sana. Lakini saratani ya mapafu sikuwa nayo. Sasa niseme nini?"

Kabla ya kumjibu, tuelewe kwanza jinsi macho ya watu wazima waliosoma yanavyoweza kuona saratani mahali ambapo haipo.

Picha ni kivuli

Mnamo tarehe 8 Novemba 1895, mwanafizikia Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua miale inayopita ndani ya mwili na kuacha kivuli cha mifupa. Hakujua ni miale ya namna gani, kwa hivyo akaipa jina la herufi X, ile wanahisabati wanayotumia kwa kitu kisichojulikana. Mpaka leo tunasema eksirei. Yaani jina lenyewe linakiri kwamba kuna jambo halijajulikana.

Mashine zimeboreka sana tangu hapo. Mwaka 1971 huko London mgonjwa wa kwanza alipigwa skani ya CT, inayokata mwili vipande vipande kwa picha, kama mkate. Sasa kinundu cha milimita chache kinaonekana. Lakini kuona kwamba kitu kipo si sawa na kujua ni kitu gani. Ukisimama mbali usiku ukaona mtu amesimama kwenye geti lako, umbo utaliona. Kama ni mwizi au ni jirani ameleta unga, umbo halikuambii.

Saratani ikisambaa kutoka kwenye titi, utumbo au figo, mapafu ni mojawapo ya mahali inapopenda kwenda, kwa sababu damu yote ya mwili hupita huko. Mara nyingi huonekana kama vinundu vya mviringo, vingi, pande zote mbili. Shida ni kwamba haiko peke yake katika kuonekana hivyo.

TB ikisambaa kwa njia ya damu hujaza mapafu vidoadoa vidogo sana. Mwaka 1700 daktari Manget wa Geneva aliona vinafanana na punje za nafaka ndogo, na jina hilo la nafaka limebaki katika udaktari mpaka leo. Sisi tungesema punje za wimbi. TB pia inaweza kutengeneza vinundu vikubwa. Na aliyepitia kemo kinga yake hushuka, kwa hivyo viini vya TB vilivyolala mwilini kwa miaka vinaweza kuamka.

Kuna ugonjwa unaitwa sakoidosisi. Seli za kinga hujikusanya mafungu mafungu kwenye mapafu na tezi za kifua, bila saratani na bila kiini kinachoambukiza. Kwa wengine hupotea wenyewe. Kuna silikosisi ya wachonga mawe na wachimba migodi, ambao wamevuta vumbi la mwamba miaka mingi hadi mapafu yakafanya makovu ya mviringo. Makovu hayo yakiungana huonekana kama uvimbe mkubwa.

Kuna jambo ambalo akina mama wengi hawajawahi kulisikia. Faibroidi za kizazi, ambazo si saratani, mara chache sana huonekana kwenye mapafu kama vinundu vingi, miaka mingi baada ya mama kufanyiwa upasuaji wa kizazi. Madaktari wameandika juu ya hali hii tangu miaka ya 1930.

Na hapa kwetu Kenya, kaunti ya Turkana inajulikana duniani kwa ugonjwa unaoletwa na tegu wa mbwa. Mtu hupata mifuko ya maji kwenye ini na pia kwenye mapafu. Kwenye eksirei mifuko hiyo ni duara safi kabisa, kama mipira, na asiyejua mgonjwa ametoka wapi anaweza kuandika saratani. Zaidi ya hayo, mifuko hiyo ikitobolewa kiholela, maji yake yanaweza kumletea mgonjwa mshtuko wa hatari. Kwa hivyo swali rahisi kama "nyumbani ni wapi, mnafuga mbwa?" linaweza kuokoa maisha kabla ya sindano yoyote.

Mtu atasema, basi tulipie ile skani kubwa ya PET, si hiyo haikosei? Skani hiyo hutumia sukari iliyotiwa mionzi. Seli za saratani hula sukari nyingi, kwa hivyo zinang'aa kwenye picha. Lakini seli za kinga zinazopigana na TB pia hula sukari nyingi, nazo zinang'aa. Mashine inakuonyesha nani anakula. Haikuambii anakula kwa ajili gani.

Sijaandika haya kuwalaumu madaktari. Soma ripoti zao vizuri. Mara nyingi wanaandika "inaelekeza", "inawezekana", "ilinganishwe na kipimo cha maabara". Wao wameacha mlango wazi. Ni sisi tunaoufunga.

Kuhani na siku saba

Fungua Walawi 13. Mtu ameletwa kwa kuhani akiwa na doa jeupe kwenye ngozi. Hali ni ya kutisha, kwa sababu akitangazwa kuwa na ukoma anatolewa kambini, anaacha nyumba na watoto. Kuhani anaangalia. Kama dalili haziko wazi, anaambiwa afanye nini? Amtenge siku saba, amwangalie tena. Bado haiko wazi? Siku saba nyingine. Na doa likififia bila kuenea, anamtangaza kuwa safi. Ulikuwa upele tu. Anafua nguo zake, anaenda nyumbani.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, na kila nikisoma sura hiyo nakumbuka somo la uhasibu. Wahasibu wana akaunti moja ya kusubiri. Pesa zikiingia benki na hujui zimetoka kwa nani, huziandiki kuwa mauzo, na huziandiki kuwa mkopo. Unaziweka kwenye akaunti hiyo hadi ijulikane. Mhasibu mzuri haoni aibu kuwa nayo. Aibu ni kuziandika mahali zisipostahili ili vitabu vionekane vimekamilika.

Hata mama mwenye kibanda cha mboga anaijua kanuni hii. Meseji inayosema umepokea pesa si pesa. Matapeli huandika meseji inayofanana na ya M-Pesa hadi nukta ya mwisho. Muuzaji mwerevu hagombani na mteja, na hampi mzigo pia. Anaangalia salio. Kwa vinundu vya mapafu, kuangalia salio ni makohozi kupimwa, ni damu, ni kipande cha nyama chini ya darubini. Kipimo cha TB cha mashine ya GeneXpert hutoa jibu ndani ya saa mbili hivi. Cha nyama huchukua siku au wiki. Siku hizo ni ndefu, najua. Lakini ndizo siku saba za kuhani.

Na jina sahihi lina maana kubwa. Mgonjwa wa TB akipewa kemo kimakosa, kinga yake inashushwa zaidi na viini vinapata uwanja. Akidhaniwa ana sakoidosisi akapewa steroidi peke yake, TB inaweza kuwaka. Hata magonjwa mawili ambayo yote si saratani hayatibiwi kwa namna moja.

Sasa tahadhari, mpendwa, kwa sababu najua mtu atachukua nusu ya makala hii kama familia ile ilivyochukua nusu ya ripoti. Kivuli hudanganya pande zote mbili. Katika nchi zenye TB nyingi kama yetu, wako watu wenye saratani ya mapafu waliotibiwa TB miezi mingi kwa kubahatisha, na saratani ikapata muda wa kukua. Ikiwa unameza dawa za TB na hupati nafuu, rudi hospitali, uliza kama kiini kilionekana kweli. Sisemi kwamba kila doa ni TB. Ninasema tuulize jina kabla ya kulia, na kabla ya kushangilia.

Wakazi wa Malta

Turudi kwenye swali la mama. Katika Matendo 28, Paulo ameokoka kwenye merikebu iliyovunjika, amefika kisiwa cha Malta, mvua inanyesha, anakusanya kuni. Nyoka anatoka kwenye kuni na kumng'ang'ania mkononi. Wenyeji wanaamua papo hapo kwamba huyu ni muuaji, bahari imemwacha lakini haki imemfuata. Wanangoja avimbe, aanguke. Hakuvimba. Wakabadilisha mawazo, wakasema huyu ni mungu.

Uliona walichofanya? Walitoka kwenye kosa moja wakaingia lingine, bila kupita katikati. Kwanza walimhukumu kwa kuangalia mkono wake tu, kisha wakamtukuza kwa kuangalia mkono huo huo. Hakuna aliyemuuliza, "Wewe ni nani?"

Ndivyo tunavyofanya na wagonjwa wetu. Jumatatu tumempanga kwenye kaburi kwa sababu ya picha. Wiki tatu baadaye tunamsimamisha madhabahuni kama muujiza wa saratani. Wale waliomlilia na wale wanaomshangilia wamejenga juu ya msingi mmoja, sentensi ya kwanza ya ripoti, ambayo ilikuwa dhana.

Ndugu mmoja mzee wa kanisa, ninayemheshimu kama baba, aliniambia, "Pasta, unajuaje kwamba Mungu hakuigeuza saratani ikawa TB usiku ule tulipokesha?" Ni hoja nzito na nilimjibu kwa heshima. Nilimwambia, Baba, Mungu anaweza. Hilo sibishani nalo. Lakini shahidi haitwi kusema lile linalowezekana. Anaitwa kusema aliloliona. Mahakamani ukisema "nilimwona" na kumbe ulisikia, kesi imeharibika hata kama mshtakiwa ni mkosaji kweli. Hakuna mtu aliyewahi kuona seli ya saratani kwenye mapafu ya mama huyu. Tukisema iliondoka, tunashuhudia kuondoka kwa kitu ambacho hakuna aliyekiona kikiingia.

Akasema, "Lakini kuna ubaya gani? Utukufu si unaenda kwa Mungu?"

Hapo ndipo ninataka tukae kidogo. Ubaya upo, na kuna watu wanaoulipia.

Wa kwanza ni wajukuu. TB huenea kwa hewa. Mgonjwa akipatikana, watu wa nyumba moja naye wanapaswa kupimwa, na hasa watoto walio chini ya miaka 5, ambao wanaweza kuugua vibaya na ambao kuna dawa za kuwakinga. Nyumba iliyotangaziwa kanisani kwamba ilikuwa saratani na imeondoka, nani ataenda kupima mtoto TB?

Wa pili ni mama mwenyewe. Dawa za TB ya kawaida ni miezi 6, miezi miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili. Baada ya wiki chache kikohozi kinapungua na hamu ya chakula inarudi. Ukiwa umetangaza mbele ya watu mia tatu kwamba umepona, kila tembe unayomeza mwezi wa nne inakuwa kama unajikanusha. Wengi huacha hapo. Na TB iliyoachwa njiani inaweza kurudi ikiwa sugu, ikidai dawa kali zaidi, na mara nyingine kwa muda mrefu zaidi.

Wa tatu ni yule wa kiti cha nyuma. Fikiria dada ambaye sindano yake ilisema ndiyo, ni saratani, na imesambaa. Anasikia mwenzake ana ugonjwa kama wake, amefunga siku tatu, umeisha. Atafanya nini? Ataacha kliniki ajaribu hivyo, au atahitimisha kwamba imani yake ni ndogo na Mungu amempita. Tumempa mzigo wa pili juu ya wa kwanza, na mzigo huo hata si wa kweli.

Kuna tena jina la Mungu lenyewe. Ayubu aliwauliza rafiki zake kama wanataka kumtetea Mungu kwa maneno ya udanganyifu. Walikuwa wanadhani wanamsaidia. Mwisho wa kitabu Mungu aliwakemea wao. Mungu wetu hana uhaba wa utukufu hata tumwongezee kwa kupandisha hesabu. Kwenye biashara, mapato yaliyopandishwa yanaitwa udanganyifu hata kama kampuni inafanya kazi nzuri, na siku ukaguzi ukija, hata mapato ya kweli hayaaminiki tena.

Angalia Luka alivyoandika katika sura hiyo hiyo ya 28. Baba yake Publio alikuwa mgonjwa, Paulo akaomba, akamwekea mikono, akapona. Mgonjwa alikuwa na nini? Luka, ambaye Wakolosai wanaambiwa ni tabibu, anataja homa na kuhara damu. Hakuandika ugonjwa wa kutisha zaidi ili habari ipendeze. Na Bwana Yesu mwenyewe, wakoma kumi walipomlilia, aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, watu ambao kazi yao ilikuwa kukagua. Uponyaji wa kweli hauogopi kukaguliwa.

Shukrani ya kweli haipungui

Kwa hivyo mama alishukuru nini? Jumapili alisimama akasema, kwa kifupi, hivi: miaka minne iliyopita nilikuwa na saratani ya matiti, na mpaka leo niko hai, nashukuru Mungu. Mwaka huu tuliogopa imerudi. Nilipimwa, ikawa ni TB. Nameza dawa na bado nina miezi mitano. Mniombee nisikose hata siku moja. Watu wa nyumba yangu wamepimwa. Asanteni mlioketi na mimi bila kusema mengi.

Hapakuwa na kelele nyingi. Lakini baada ya ibada watu wawili walimfuata kumuuliza kliniki ya TB iko upande gani.

Angalia vitu vilivyo ndani ya shukrani hiyo. Kuna mkono wa daktari uliokataa kuharakisha. Kuna mtu wa maabara ambaye hatutamjua, aliyekaa na darubini. Kuna dawa ambazo ushuru wetu na misaada ya watu wengine imezilipia. Kuna hofu iliyobebwa na watu pamoja. Tukisema Mungu alifanya kazi katika hayo yote, hatujapunguza chochote. Hofu yenyewe ilikuwa ya kweli hata kama sababu yake haikuwa, na kutolewa kwenye hofu ni jambo la kushukuriwa.

Kuhusu pesa

Nitasema hili haraka, maana wengi hunong'ona na hakuna anayeuliza. Harambee ilichangwa kwa safari ya India. Safari haipo tena. Pesa ni ya nani?

Pesa iliyotolewa kwa kusudi moja haihami yenyewe kwenda kusudi lingine, hata likiwa zuri. Waliochanga waambiwe mapema majibu yalivyo, wasomewe kilichopokelewa na kilichotumika, kisha waulizwe. Anayetaka chake arudishiwe bila kununiwa. Anayesema kibaki kisaidie nauli na lishe ya mgonjwa, ni sawa, amechagua mwenyewe. Familia ikinyamaza kwa sababu inaona aibu kwamba haikuwa saratani, mwaka ujao mwenye saratani ya kweli atachangisha na watu watashika mifuko yao. Na hakuna aibu kusema ilikuwa TB. TB si laana wala si matokeo ya uchafu. Ni ugonjwa unaotibika.

Na sindano ikisema ndiyo?

Siwezi kumaliza bila kumwambia neno yule ambaye majibu yake hayakugeuka. Alingoja siku zake saba kama kuhani alivyosema, na mwishoni kuhani akasema ni kweli.

Dada, ndugu, makala hii haikuachi nje. Ukweli ambao tumeulinda kwa ajili ya mama wa TB ndio huo huo tunaoulinda kwa ajili yako. Kwa sababu hatujatia chumvi kwa mwenzako, ukisikia tunakuambia hujaachwa, unaweza kutuamini. Hatutakuuliza ulikosea wapi. Tutakupeleka kliniki, tutakuletea uji, tutaomba uponyaji kwa moyo wote, na hatutakulazimisha useme umepona ili sisi tujisikie vizuri. Mungu aliyekuwa na mwenzako akingoja majibu ndiye yuko na wewe ukiwa nayo mkononi.

Ya kujadili kwenye ushirika wa nyumbani

1. Mtu akituambia "wameona kitu kwenye mapafu", neno letu la kwanza huwa gani? Lingefaa kuwa gani?

2. Soma Matendo 28:3–6. Ni lini kama kanisa tumeruka kutoka "muuaji" hadi "mungu" bila kuuliza swali?

3. Kabla ya ushuhuda wa uponyaji, ni nani katika ushirika wetu anaketi na mshuhudiaji kumsaidia kutenganisha kilichopimwa, kilichodhaniwa na kilichobaki kutibiwa?

4. Je, kuna mtu kwenye kikundi chetu anakohoa zaidi ya wiki mbili? Nani atamsindikiza kupimwa wiki hii?

Tuombe: Baba, tupe uvumilivu wa kungoja jina la jambo kabla ya kulitangaza. Walinde wanaongoja majibu usiku huu. Wape mikono mizuri wanaopima na wanaotibu. Wape nguvu wanaomeza dawa wamalize, na wanaoumwa na saratani wasijione wamesahauliwa. Ulimi wetu uwe wa kweli hata tunapokusifu. Katika jina la Yesu, Amina.